Mkanda wa kamera mbili wa fundi viatu: nimepiga nao tamasha siku mbili, haya ndo niliyoyaona

Naanza na bei maana najua ndo mtaniuliza kwanza: 85,000. Hapo ni ngozi ya ng'ombe, pete za chuma, skrubu mbili, na siku nne za kusubiri ambazo kwa mahesabu ya fundi zilikuja kuwa tisa. Umeshonwa hapa hapa Mwanza na mzee mmoja fundi viatu, vile vibanda ukiwa unashuka kutokea Makoroboi, na nimeuvaa usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi kwenye tamasha la muziki ufukweni upande wa Ilemela, kama masaa sita kila usiku, kamera moja kwenye nyonga ya kulia nyingine ya kushoto. Nimelipa mwenyewe, hata mia hajanipunguzia, na nilijaribu sana.

Kwanza niseme kwa nini kamera mbili, maana kila tamasha lazima atokee mtu aulize "dada, moja haitoshi?" Moja inatosha kama msanii atasimama sehemu moja kama kwaya. Sasa nani anasimama siku hizi? Uko mbele ya steji na lenzi ndefu, unamvizia muimbaji, unataka jasho la kwenye paji la uso na vidole vilivyokaza maiki, mara karuka chini huyo anakuja kwa mashabiki, kasimama mita moja na nusu kutoka ulipo na watu wote wanamshika shati, na wewe umebeba bomba la milimita 200 unaona pua tu. Utafungua mfuko, utoe lenzi fupi, uchomoe hii, uweke ile, ukimaliza jamaa karudi zake stejini anakunywa maji.

Halafu sisi wa huku tuna la ziada. Wale wadudu wadogo wa ziwani, mnaokaa Mwanza mnawajua, mchana unaona kwa mbali kama moshi umesimama juu ya maji unadhani mtu anachoma majani katikati ya ziwa, kumbe ni wao. Usiku wanafuata taa, na steji ni taa kuliko kitu chochote pale ufukweni. Ukifungua kamera chini ya zile taa ubadilishe lenzi unawakaribisha ndani kabisa kwenye sensa, pale panaponasa picha. Ukipiga flashi ndo usiseme, picha inatoka msanii anaimba kwenye theluji.

Somo hilo nilishalipia mwaka jana Bujora, kule Kisesa, kwenye Bulabo. Kwa ambao hamjafika, ni ngoma za Wasukuma kila mwezi wa sita, Bagika upande huu Bagalu upande ule, kila kundi linataka watu wahamie kwake, kwa hiyo mchezaji atafanya chochote kile, atarusha jembe juu alidake, atatoa chatu kwenye sanduku, na watu wanakimbia kutoka duara hili kwenda lile na vumbi linakimbia nao. Nilikuwa na kamera moja, lenzi mbili, nikabadilisha mara nne kwenye vumbi lile. Jioni kufungua laptopu, kila picha yenye anga ina madoa saba, sehemu zile zile, nimeyahesabu. Nikaapa.

Basi safari hii nikaja na bodi mbili, yaani kamera zenyewe bila lenzi. Yangu ni Canon 6D, ni ya zamani, imetoka 2012 lakini sensa ni kubwa na gizani bado inajitahidi, hiyo nikaifunga lenzi ndefu ya 70-200 f/2.8 (hiyo namba ya f ikiwa ndogo, lenzi inaingiza mwanga zaidi). Ya pili nikakodi, Canon 80D na lenzi ya 17-55 f/2.8. Kuna watu watasema umekosea, lenzi ndefu weka kwenye sensa ndogo ikusogeze karibu zaidi, maana kwenye 80D ile 200 inakuwa kama 320. Kweli, ukiwa uwanja wa Kirumba umekaa huko mbali jukwaani fanya hivyo. Ila ukiwa mbele ya steji huhitaji kusogezwa, unahitaji mwanga, na picha za uso ndo zinapigwa kwenye giza zaidi maana taa iko nyuma ya msanii nusu ya muda. Na ile 17 kwenye sensa ndogo inakuwa kama 27, inatosha kabisa kubeba msanii na mikono ya watu. Betri za hizi bodi mbili zinaingiliana, chaja moja inazihudumia zote, hilo peke yake lilinishawishi kuliko mambo ya megapikseli.

Sasa uzito. 6D ni gramu 770, 70-200 yenyewe ni 1,490. 80D ni 730, ile 17-55 ni 645. Jumlisha, kilo tatu na gramu mia sita na kitu. Huyo ni mtoto mchanga, tena mwenye afya, ametoka leba leo, na unatakiwa umning'inize shingoni kuanzia saa mbili usiku mpaka saa nane. Nilishawahi kutumia mikanda ya kawaida miwili, mmoja huku mmoja kule kama mgambo mwenye mikanda ya risasi. Shingo inapinda, na kamera zinakutana tumboni zinagongana kama mbuzi dume. Kioo cha nyuma cha 6D yangu kina mkwaruzo mpaka leo wa hiyo habari. Ipo mikanda ya kiwandani ya kuagiza, ya nailoni, ukiweka na nauli ya kuifikisha Mwanza unapata kodi ya mwezi ya chumba Buzuruga, nikasema hapana, ngozi tunayo, mafundi tunao.

Nikaenda kwa huyo mzee asubuhi, nimesevu picha kwenye simu.

"Mwangaluka baba."

"Mwangaluka, mhola?"

"Mhola. Baba, naomba unishonee kitu kama hiki." Nikampa simu. Akaishika mbali na macho, akaigeuza, akaikuza kwa vidole, akacheka mwenyewe.

"Mwanangu, hii si tunamfunga ng'ombe wa plau?"

"Ya kubebea kamera baba."

"Najua umesema kamera. Nakwambia tunamfunga ng'ombe wa plau. Wewe utavuta nini?"

Tukaelewana hapo hapo, kwa sababu kumbe mzee anajua kitu ambacho hao wa kiwandani wanakiandika kwa maneno mengi: uzito usikae shingoni, ukae mabegani na ugawane pande mbili ili kimoja kikivuta huku kingine kinajibu. Akachora chini kwa kisigino cha kiatu. Tatizo likaja kwenye vipimo. Ule mkanda wa mbele unaounganisha pande mbili, kwenye picha unapita katikati ya kifua, na mimi ni mwanamke, ukipita pale unakaa vibaya na unabana. Mzee akanyoosha kamba ya kupimia, akaiangalia, akaniangalia, akaita mama wa chapati wa kibanda cha pili, "Mama hebu njoo umpime mwenzio." Mama akaja na mikono ina unga, akanipima, akamwambia mzee aupandishe juu vidole vinne, vya mkono wa mama mwenyewe siyo wangu. Na ndo ulivyoshonwa, mkanda unapita chini kidogo ya mifupa ya shingo. Madada wapiga picha hili liandikeni, hakuna kitu nimeshukuru kama vile vidole vinne vya mama chapati.

Kwenye skrubu sasa hapa sikilizeni vizuri kwa sababu hapa unaweza kuua kamera. Tundu la chini ya kamera, lile la stendi, ni la robo inchi, nyuzi ishirini kwa inchi. Bolti tulizozoea madukani ni za milimita, na ile ya milimita sita ukiiangalia kwa macho ni pacha wake kabisa. Mzee alishanunua mbili. Nikaijaribu ya kwanza ikaingia mzunguko mmoja na nusu vizuri tu, kisha ikaanza kukaza kwa namna ambayo siyo. Nikaichomoa haraka. Mzee ananiambia "kaza kwa koleo itaingia." Ndiyo baba itaingia, lakini itaingia na nyuzi za kamera zote. Tukaishia kuchomoa skrubu kwenye visahani vya stendi mbili mbovu nilizokuwa nazo nyumbani, mzee akazichomelea pete kwa jirani yake wa madirisha. Kwa hiyo ukienda kwake nenda na skrubu zako, usimwachie atafute.

Mkanda wenyewe unafanya kazi hivi: kila bega lina kitanzi cha ngozi kinachoshuka mpaka nyongani, ndani ya kitanzi kuna pete inayoteleza, kamera imening'inia kwenye pete kichwa chini. Unaishika kamera, unaivuta juu mpaka jichoni, pete inateleza, mkanda wenyewe haujisogezi begani. Ukimaliza unaiachia inashuka. Kulia nikaweka 6D kwa sababu ni nzito na ndo naitumia sana, tena sikuifungia tumboni mwa kamera, niliifungia kwenye ile shingo ya lenzi ya kufungia stendi, maana ukining'iniza bodi na lenzi kubwa hivyo unaonea pale zinapounganikia. Kushoto 80D.

Ijumaa nikafika saa kumi na mbili jioni. Mbele ya steji kuna ule uchochoro wa wapiga picha kati ya uzio na steji, sharti ni lile lile la kila mahali, nyimbo tatu za kwanza hakuna flashi, baada ya hapo toka kapigie kwenye watu. Baunsa mmoja akanizungukia mara mbili akiangalia ngozi ilivyopita mgongoni, akauliza "dada hii bunduki ziko wapi?" Na kwenye watu, kijana mmoja sijui hata anamjua yule fundi, akapiga kelele "oya mmeona dada kafungwa kama maksai!" Wakacheka mstari mzima. Mzee naye alishaniambia. Nikajua hilo jina nimeshakuwa nalo.

Nyimbo tatu ni kama dakika kumi, kumi na mbili. Ndo hapo mkanda unalipa pesa yake. Msanii wa kwanza niliyempiga alikuwa wa singeli, na singeli mnaijua, hakuna mapumziko, mtu anacheza kama kakanyaga waya wa umeme. Nilikuwa navuta kulia, uso, uso, uso, naachia, navuta kushoto, steji nzima na taa na watu wanaoruka, naachia, kulia tena. Sikuangalia chini hata mara moja. Mkono unajua wenyewe kamera iko wapi, ndani ya wimbo wa pili tu. Kwa uso niliweka shata 1/250 ya sekunde, akianza kuruka 1/500, ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) 3200 ikifika mpaka 6400, lenzi wazi 2.8 muda wote. 6D ina vituo kumi na moja tu vya fokasi na vimejazana katikati, ila kile cha katikati kabisa kinaona mpaka kwenye giza la mbalamwezi, kwa hiyo nakitumia hicho hicho halafu nakata fremu nyumbani. 80D ina 45 na inapiga saba kwa sekunde wakati 6D inapiga nne na nusu, kwa hiyo wanaoruka niliwaachia 80D.

Taa zilinisumbua kuliko giza. Ile skrini kubwa ya nyuma ya steji, ukipiga na shata ya haraka inakuja na michirizi, nusu ya picha ina mwanga nusu haina. Hizi taa zinapepesa, macho tu ndo hayaoni. Taa inayofuata umeme wetu wa hezi 50 inapepesa mara mia moja kwa sekunde, na zile za LED za steji zina mapepesi yake mengine kabisa kutegemea na aliyezitengeneza. 80D ina kitu cha kuvizia taa ikiwa juu ndo inapiga, kinasaidia kwa taa za umeme wa kawaida, kwa ile skrini hakikusaidia kitu, nikashusha mpaka 1/125 ikatulia, nikawa navizia msanii akituama ndo napiga. Na nyekundu, jamani nyekundu. Fundi taa wa Ijumaa alikuwa na mapenzi na nyekundu, uso wote unakuwa nyanya hauna pua wala mdomo. Punguza mwanga kituo kizima, yaani ubaki nusu, piga RAW (faili ghafi ya picha), ombea.

Sasa kasoro kubwa ya mkanda. Msanii wa tatu alipoingia nikashika 6D nikahisi inacheza. Kugusa skrubu, imeshajifungua mizunguko mitatu. Yenyewe! Nikifikiria naona ni kwamba ukitembea kamera inayumba, pete inavuta skrubu kidogo kidogo upande mmoja, hatua elfu moja baadaye imeshatoka. Nikaikaza. Nikasahau kukagua ya kushoto. Saa tano na kitu nimeshuka ngazi za pembeni ya spika, ngazi ya mwisho nikaruka, nikasikia kushoto kumekuwa kwepesi.

Moyo ulisimama, tena hiyo siyo yangu, ni ya kukodi, na kitambulisho changu cha NIDA kiko dukani kwao.

Haikufika chini. Kuna kamba, kamba ya kiatu cha jeshi, mzee aliishona kutoka kwenye mkanda mpaka kwenye jicho la kamera pembeni, na siku naichukua nilimwambia "baba hii inaharibu, itoe", akanijibu "ng'ombe ana kamba ya pili kwa sababu ya kwanza hukatika", akakataa kuitoa. 80D ikaning'inia kwenye hiyo kamba usawa wa goti, ikanipiga kwenye ugoko nina alama ya bluu mpaka leo, chini yake mchanga wa maji maji. Jumamosi asubuhi nikaenda kwake na mandazi. Nikamwambia wabeja sana baba, nikamweleza, akacheka yule mzee mpaka akakohoa. Akakata duara mbili za mpira kwenye tyubu ya baiskeli, akazitoboa katikati, akaziweka kati ya pete na kamera. Ukikaza, mpira unashika. Usiku wa Jumamosi nimekagua kila baada ya msanii, haikusogea hata robo mzunguko. Hakunitoza. Lakini ukinunua wako mwambie aweke mpira toka mwanzo, na hiyo kamba usije ukajifanya mrembo ukaitoa.

Jumamosi ndo siku niliyopata picha yangu. Walipanda kundi la ngoma, bugobogobo, wale wa majembe, nyuma yao jamaa wa chatu. Nilianza na 6D kwa 200, nyoka kamzunguka shingoni, nimekaza fokasi kwenye jicho la jamaa, siyo la nyoka, maana nyoka hana habari, jamaa ndo ana habari. Ngoma ikapanda, akaanza kushuka ngazi. Naye anashuka mimi narudi nyuma, uchochoro mwembamba, nikaachia kulia nikavuta kushoto bila kutoa macho kwake, na alipofika kwenye uzio akainua kichwa cha chatu akakivusha upande wa pili. Watu wote wa mstari wa mbele walirudi nyuma kwa pamoja kama wimbi, isipokuwa mtoto mmoja wa kiume wa kama miaka saba juu ya mabega ya baba yake, baba kainama anakimbia, mtoto kanyoosha mkono anataka kushika. Fremu nane, sekunde moja na kidogo. Ya tano vidole viko karibu kabisa na pua ya nyoka na baba uso wote ni meno. Hiyo picha ingekuwa kamera moja haipo, ningekuwa na picha nzuri sana ya kidevu.

Niongee kidogo kuhusu kukodi, duka silitaji. Elfu sitini kwa siku, bodi na lenzi, na kitambulisho unaacha. Kamera ilikuwa safi, ila kifuniko cha mbele cha kuzuia mwanga hakuna, memori ina harusi ya watu, na saa. Saa! Nilipomaliza nikamwaga picha zote folda moja, 6D zilikuwa 1,140 na 80D 870, nikazipanga kwa muda ili zifuatane, nikaona vichekesho. Mashabiki wanashangilia kabla msanii hajapanda. Msanii yuko chini kwenye watu, kisha mapicha mia sita mbele ndo anaingia stejini anasalimia. Kumbe aliyekodi kabla yangu au mwenye duka mwenyewe aliseti kamera kwa saa ya Kiswahili. Saa mbili na dakika kumi usiku, yeye kaandika 02:10. Yangu inasema 20:10. Sasa nitamlaumu vipi, si ni saa mbili kweli? Kwenye Lightroom, ile programu ya kuhariri picha, kuna sehemu ya kurekebisha muda wa picha, nikachagua zote za 80D nikazisogeza masaa kumi na nane mbele, zikajipanga. Ila dakika nazo zilipishana tatu, hizo nilizipata kwa kulinganisha ile picha ya chatu kwenye kamera zote mbili. Siku hizi kabla sijaanza kazi napiga saa ya simu yangu kwa kamera zote mbili, fremu moja moja, basi.

Turudi kwenye mkanda, mabaya yake mengine. Unalia. Ngozi mpya inalia kri kri kila ukiinua mkono, kwenye muziki mkubwa hakuna anayesikia, ila nilienda nao kwenye misa ya shukrani wiki iliyofuata padri akaangalia mara tatu. Unanuka, siku za mwanzo unanuka bucha, niliuanika juani siku mbili ukapungua. Jasho linaingia mgongoni pale mikanda inapokutana, Mwanza hii usiku bado kuna joto, mtu wa jasho jingi ajiandae. Kuvua ni kazi, una kifungio kimoja tu ubavuni na ukishavaa kamera huwezi kukifikia vizuri. Na chooni, madada, vyoo vya tamasha havina ndoano wala misumari, niliingia na mtoto wangu wa kilo tatu na nusu nikatoka naye sitaki kuelezea zaidi, siku ya pili nilimwachia yule baunsa wa bunduki anishikie.

Begani lakini, sina neno. Jumapili niliamka natafuta maumivu sikuyapata, miguu tu ndo iliuma. Shingo ilikuwa shingo. Mwaka jana baada ya Bulabo na kamera moja tu nililala kifudifudi siku nzima na mama ananikanda kwa maji ya moto.

Kama unapiga harusi moja moja ukumbini na lenzi moja, usinunue, utaonekana kituko na hutauhitaji. Kama unapiga ngoma, matamasha, mashindano ya mitumbwi, chochote ambacho mtu anakimbia kuja kwako bila taarifa, nenda. Nyota nne kati ya tano, ile moja nimeikata kwa ajili ya skrubu, mpira wa tyubu umeirudisha nusu lakini nusu hazihesabiki. Kama unaenda, nenda asubuhi kabla ya saa nne, mchana anakuwa na viatu vya shule vingi hakusikilizi. Beba skrubu zako za robo inchi, na kama ni mwanamke muulizie mama chapati kwanza. Mzee atakuuliza unataka nyeusi au kahawia. Sema nyeusi. Ya kahawia inachuja ukitoa jasho, shati langu jeupe la Jumamosi lina alama ya X mgongoni, bado liko kwenye beseni na jiki haijafua dafu.